Naomba ushauri: namfundisha mwanangu mwenye usonji nyumbani

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 9, ana usonji, tunaishi Mbagala, Dar es Salaam. Darasani walikuwa zaidi ya 100. Kengele ikigongwa anaziba masikio na kuingia chini ya dawati, hivyo nimemtoa, namfundisha mwenyewe. Hesabu anaiweza kwa vizibo vya soda: anavipanga kwa rangi, kisha anajumlisha. Kuandika ndiko kugumu, penseli anaitupa. Mliopitia haya, kumzoesha mtoto kuandika mlianza na nini, kufinyanga udongo au kuchora kwenye mchanga? Na mtihani wa darasa la nne wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) atafanyia wapi akiwa hana shule? MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, wanapokea watoto wenye usonji? Baba yake anataka tumpeleke bweni, mimi roho inakataa kabisa. Nisaidieni jamani.