Ulinganisho: OpenBSD, NetBSD au Debian ya zamani kwa laptopu yenye flopi tu?

Mtumba560
Wakuu, habari za jioni. Nimeokota ThinkPad 560 kwenye mzigo wa mitumba: Pentium 133, RAM MB 40, diski ya GB 2. CD haina, USB haina. Ina flopi ya nje na tundu la kadi za PCMCIA, na kadi ya mtandao ninayo, 3Com 3C589. Nataka kuipiga mfumo huria wa kuandikia na kujifunzia amri, madirisha sina haja nayo. Nimebaki na OpenBSD, NetBSD na Debian 3.0. Nani ameshapita njia hii? Na nitafute flopi ngapi? Huku mjini zimeadimika.

Dogo_Waya
Mkuu, toa diski, ichomeke kwenye mashine nyingine kwa adapta ya pini 44, piga mfumo huko, rudisha. Flopi za nini tena?

Mtumba560
Skrubu moja imelika kichwa na plastiki imekauka kama kaukau. Siifungui.

DadaSekta
Kaka, usianze na jina la mfumo, anza na kadi yako. Flopi ni baiti 1,474,560 tu. Kazi yake ni kuwasha kerneli, yaani kiini cha mfumo, na kuiamsha kadi ya mtandao, mengine yote yanakuja kwa waya. Kwa hiyo swali ni flopi ya nani inaijua 3C589.

OpenBSD za zamani zilikuja na flopi tatu za i386, na wengi wanakwama kwa sababu wanachukua ya kwanza wanayoiona. Ile ya kawaida ni ya kompyuta za mezani, floppyB ni ya mashine zenye SCSI na RAID, yaani diski za seva, floppyC ndiyo ya laptopu. Unaandika moja, basi. Ila usiende juu sana: tangu 6.2 ya mwaka 2017 kila inapowaka inajiunganishia kerneli mpya, na kwa MB 40 chai itapoa ukisubiri.

NetBSD inavumilia RAM ndogo kuliko hiyo, ila ni boot1.fs, boot2.fs na kuendelea, unalishwa maagizo ya kubadilisha diski. Debian 3.0 ya 2002 ndiyo mlafi: rescue.bin, root.bin, kisha flopi za draiva, maana moduli za PCMCIA ziko huko. Ukishavuka lakini, apt, amri yake ya kuvuta programu, ni raha, na vifurushi bado vipo archive.debian.org. Mimi ningeenda na flopi moja.

Dogo_Waya
Kwa hiyo unamshauri mfumo wa miaka kumi na zaidi usio na viraka vya usalama?

DadaSekta
Ndiyo, na Debian yake ya 2002 inavyo? Asiiweke hewani. Amesema ni ya kuandikia.

MzeeLoadlin
Wanangu, mmesahau njia ya DOS. Flopi moja ya FreeDOS, gawa diski, weka draiva ya kadi na mTCP (programu za mtandao za DOS), vuta kerneli na initrd (mafaili ya kuanzia ya Linux) kwa FTP hadi kwenye diski, halafu mwite loadlin aiwashe Linux humohumo. Flopi umeiaga mapema. Hata kadi ikikugomea unabaki na DOS yenye kihariri, na kuandika utaandika.

Mtumba560
Shikamoo mzee. Hiyo naiweka akiba.

MzeeLoadlin
Marahaba. Usiandike flopi bila kuihakiki. dd, amri ya kuiandika, inaweza kumaliza kimya na diski mbovu. Ikimaliza, piga cmp, amri ya kulinganisha, kati ya faili na /dev/fd0, yaani flopi yenyewe.

Mtumba560
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilipata flopi kumi kwa jamaa mmoja wa steshenari, zilikaa kabatini miaka. cmp ikakataa nne. Nikavuta kile kibati cha moja pembeni, nikazungusha diski kwa kidole: ukungu mweupe umetanda kama kwenye mkate uliosahaulika. Nimebaki na sita, na nikalazimika kusafisha kichwa cha flopi kwa spiriti.

Debian nilianza nayo, nakiri, kwa uroho wa apt. rescue.bin ikapita, root.bin ikapita, flopi ya pili ya draiva ikaanza kukwaruza: krr, krr, kimya, krr. Diski iliyopita cmp mchana, usiku imekufa. Hapo nikamwelewa DadaSekta: kila flopi unayoongeza ni mtihani mwingine.

Nikaandika floppyC54.fs, ya OpenBSD 5.4. Ikawaka mara ya kwanza, kadi ikajitaja kwa jina la draiva yake, ep. Mafaili nilishayashusha mara moja kwa bando la simu, nikayaweka kwenye laptopu ya shemeji na kuyagawa kwa python3 -m http.server. Mara ya kwanza kisakinishi hakikuona seti (mafungu ya mafaili ya mfumo) hata moja. Nilikuwa nimeliacha faili la index.txt nikidhani ni takataka. Nikalishusha, orodha ikatokea. NetBSD sijaigusa, kwa hiyo siwezi kuisema vibaya wala vizuri.

DadaSekta
index.txt! Imenila jioni nzima hiyo mwaka fulani. RAM inatosha?

Mtumba560
Inatosha kwa kihariri cha vi na mafaili yangu. Kuwaka inachukua muda wake, lakini kibodi ya hii mashine, dada, acha tu.

Dogo_Waya
Mkuu mi nina Pentium ya mezani, CD ipo ila BIOS, programu ya kuwashia mashine, haikubali kuwaka kwa CD. Flopi ngapi?

MzeeLoadlin
Moja. Smart Boot Manager. Inawaka yenyewe kisha inakuonyesha CD uichague.

Dogo_Waya
Mtumba560, zilizobaki unauza?

Mtumba560
Nzima siuzi. Zile nne za ukungu njoo uchukue bure.