Naomba ushauri: bata mzinga mzima juu ya makala (makaa ya moto), wakwe wanafika kesho

Mwenye_Pipa (Katuba, Lubumbashi)
Wandugu, salamu. Kesho saa saba mchana ninawapokea wazazi wa mke wangu, nami nimeamua kuwachomea bata mzinga mzima wa kilo nane juu ya pipa la lita 200 lililopasuliwa, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu hautegemeki. Michopo ya mbuzi, yaani nyama ya kuchoma, nimeizoea, lakini ndege mkubwa namna hii sijawahi kumchoma. Anahitaji muda gani, na moto wa namna gani? Nina wasiwasi mwingi.

Mama_Kampemba
Baba, kabla ya makala tuzungumze firigisi. Kwetu firigisi ni ya mkwe mwanamume. Nyumbani kwa dada yangu kuku aliwahi kuletwa mezani bila hiyo, mzee akanawa mikono bila kula, na ilibidi wajomba waitwe kusuluhisha. Ndege wa dukani mara nyingi hufungiwa firigisi na shingo katika kifuko kilichofichwa tumboni. Kitoe mapema, uvichemshe pembeni.

Fundi_Michopo
Usimweke juu ya moto wenyewe, kwa maana ngozi itaungua huku paja likiwa bichi. Sogeza makala kwenye ncha mbili za pipa, katikati weka sufuria bapa yenye maji ili kupokea mafuta, na ndege akae juu ya sufuria hiyo. Funika kwa nusu ya pili ya pipa, joto la ndani libaki kati ya nyuzi 160 na 180, na uongeze makala yanapofifia bila kufunua ovyo. Kilo nane huchukua saa tatu na zaidi, lakini mwamuzi ni kipimajoto: kwenye paja na kifua, penye nyama nene bila kugusa mfupa, kisome nyuzi 74. Sasa niambie, ndege huyo yuko katika hali gani?

Mwenye_Pipa
Yuko katika hali nzuri.

Fundi_Michopo
Ndugu, ninauliza kama ameganda.

Mwenye_Pipa
Ndiyo, ameganda kama jiwe. Ila mpango ninao: nimweke juu ya moto mdogo usiku huu, ayeyuke na kuiva nusu, kisha nimmalizie asubuhi. Shangazi yangu alikuwa akichemsha nyama ya ng'ombe jioni na kuimalizia kesho yake, na hakuna aliyeugua. Kumkatakata sikubali, kwa kuwa nimekwisha kumwambia baba mkwe kwamba atafika mezani mzima.

Mzee_wa_Ruashi
Mwanangu, mkwe haheshimiwi kwa ukubwa wa ndege. Sisi tuliwapokea kwa bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), tukawapa kiti kizuri, nao waliondoka wakitubariki.

Msomaji_Makini
Nisamehewe, lakini ninaona kisa hiki kimetungwa. Mtu anayesema umeme hautegemeki anawezaje kuwa na bata mzinga wa kilo nane aliyeganda kama jiwe? Amegandishiwa wapi?

Dada_wa_Kenya
Hata mimi nimejiuliza hilo. Watu hutunga visa ili wasomwe, na Fundi amekwisha kutumia jioni yake kumjibu.

Mwenye_Pipa
Sijatunga lolote. Nimekwisha kumlipia, lakini bado yuko kwenye friza ya duka la jirani lenye jenereta, nao wanafunga saa nne usiku. Sikulitaja kwa kuwa nilidhani si la maana.

Fundi_Michopo
Hilo ndilo la maana kuliko yote, tena linakuokoa. Acha kabisa kumwivisha nusu. Nyama inayokaa kwenye joto la kati, kuanzia nyuzi 4 hadi 60, huwapa vijidudu kama salmonela nafasi ya kuzaana, na moto mdogo chini ya ndege aliyeganda utamweka humo usiku kucha. Mwache kwenye friza yao hadi wafunge. Saa nne na nusu mtumbukize ndani ya beseni la maji baridi, akiwa kwenye mfuko usiopenya maji, na ubadilishe maji kila nusu saa. Kila nusu kilo huhitaji karibu nusu saa, hivyo yeye atahitaji saa nane. Mpeane zamu. Alfajiri umpake chumvi, uwashe makala mara moja, na kabla ya saa mbili awe juu ya wavu. Usimjaze kitu tumboni. Akifikia nyuzi 74 mpumzishe nusu saa kabla ya kumkata.

Msomaji_Makini
Kama ni hivyo, ninaondoa neno langu. Ila azima kipimajoto usiku huu, maana rangi ya nyama hudanganya.

Mwenye_Pipa
Nimekubali maji, na mdogo wangu atashika zamu ya pili. Rafiki ananishauri niondoe uti wa mgongo na kumlaza bapa ili aive kwa muda mfupi zaidi, lakini hapo nimekataa, kwa maana mzima nilioahidi ni mzima. Je, mvua ya Desemba ikinyesha, naweza kuliingiza pipa jikoni?

Mama_Kampemba
Hapana, baba, hata kama dirisha liko wazi. Makala hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, nayo huua watu ndani ya nyumba. Simamisha mabati manne nje, juu kabisa ya pipa, pande zote ziachwe wazi. Na miti uichimbie leo, udongo ungali mkavu.