Ruzuku za serikali kwa miradi ya ajira na ujuzi, shirika dogo la hisani linaanzia wapi?

mratibu_mdogo:
Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu maana nimekwama kweli. Ni mratibu wa shirika dogo la hisani, tuko waajiriwa wanne na watu wa kujitolea kama kumi na tano hivi, tunafundisha vijana na akina mama useremala na ushonaji halafu tunahangaika nao mpaka wapate kazi au wajitegemee. Miaka yote tumeishi kwa michango ya watu, sasa michango imepungua na kila mtu anatuambia jaribuni fedha za umma, serikali inatoa ruzuku za ajira na ujuzi. Tumejaribu mara mbili na mara mbili tumepigwa chini. Mara ya kwanza andiko hata halikusomwa, kuna kiambatisho kilikosekana. Mara ya pili tukaandikiwa mstari mmoja tu kwamba matokeo hayapimiki. Hao watu tuliowasaidia nawajua kwa majina, juzi nimekutana na binti tuliyemfundisha kushona sasa ana mafundi wawili chini yake, halafu naambiwa hayapimiki! Imeniuma sana. Je shirika la saizi yetu linaweza kupata hizi fedha au tunapoteza muda?

mama_viashiria:
Pole sana mratibu. Mnaweza, ila mjue mnaingia nyumba ya namna gani.

Ya kiambatisho haina mjadala. Mlango wa kwanza wa fedha za umma haujali mradi ni mzuri kiasi gani, wanaangalia usajili upo, hesabu zimekaguliwa, bodi imesaini, akaunti ya benki ni ya shirika na sio ya mtu. Marekani kwa mfano shirika haliombi ruzuku ya serikali kuu bila kujisajili kwanza SAM.gov, tovuti ya serikali yao, na kupewa namba ya utambulisho, na usajili unahuishwa kila mwaka, sasa mtu anaanza kujisajili wiki ya dedlaini anakuta muda umemtupa. Hiyo kazi ifanyeni sasa kabla tangazo halijatoka.

La matokeo ndio nataka tuongee. Hawakusema hamfanyi kazi, wamesema hawaoni pa kuishika. Anayetoa fedha za umma naye anabanwa na walio juu yake, viashiria vyake, yaani vipimo vya mafanikio, vimeshapangwa, wewe huvibadilishi, unachofanya ni kuonyesha mradi wako unavijaza. Chukua mfuko wa kijamii wa Ulaya, ESF+, wa kipindi cha 2021 hadi 2027. Wanataka kujua mtu alikuwa na hali gani siku anaingia, hana kazi au hata kutafuta hatafuti, elimu yake imeishia wapi, halafu alitoka na nini, halafu miezi sita baada ya kutoka yuko kazini au hayuko. Marekani chini ya WIOA, sheria ya ajira na mafunzo ya kazi ya mwaka 2014, wanamfuata mtu robo mwaka ya pili na ya nne baada ya kutoka kwenye programu kuona kama ana kazi, na kipato chake wanakiangalia hiyo robo ya pili. Sasa huyo binti wa mafundi wawili, mna karatasi ya siku aliyoingia inayoonyesha hakuwa na kazi? Kama hamna basi kwa macho ya ofisa hajatoka popote na hajafika popote, na mimi najua inauma.

Nikupe letu. Kulikuwa na kijana alijifunza kuchomelea, mwajiri alikuja mwenyewe akamchukua, tukashangilia siku nzima. Tunaenda kudai malipo tunaulizwa barua ya mwajiri iko wapi. Hatukuwa nayo. Kumtafuta, karakana imehama, simu haipatikani. Kijana anafanya kazi mpaka leo lakini kwenye ripoti yetu hayumo. Tangu hapo fomu ya kwanza inabeba namba tatu za simu, yake, ya ndugu yake na ya rafiki, na mtu akipata kazi tunachukua ukurasa mmoja wa mwajiri wenye tarehe na sahihi kabla hata hajaanza. Anzeni hivyo na darasa mlilonalo sasa hivi, msisubiri ruzuku. Baada ya mwaka mtakuwa na namba zenu wenyewe za kuweka kwenye andiko.

hesabu_safi:
Mama kamaliza upande wa watu, mimi niongeze upande wa pesa maana hapa ndipo mashirika madogo yanapofia, na yanafia yakiwa YAMESHAPATA ruzuku.

Ruzuku nyingi za umma unatumia kwanza halafu ndio unadai. Kwenye kanuni za mifuko ya Ulaya za 2021 mnufaika anatakiwa awe amelipwa ndani ya siku 80 tangu alete dai, na hapo ni kama dai halina kasoro. Piga hesabu, mmefanya kazi miezi mitatu, mwezi mwingine mnakusanya risiti na kuandaa dai, halafu siku 80. Mshahara wa mwezi wa kwanza unakuja kurudi mwezi wa saba. Kama hamna akiba ya kuvuka hapo msisaini kitu, na kabla ya kusaini ulizeni kwa maandishi kama kuna malipo ya awali. Kuuliza sio dhambi na hakuna anayenyimwa ruzuku kwa kuuliza.

La pili ni gharama za uendeshaji. Mashirika yetu yanaona aibu kuandika kodi ya ofisi, umeme, mhasibu, tunataka tuonekane kila senti inaenda kwa vijana. Matokeo yake mradi unakula shirika. Wafadhili wa umma wenyewe wanaruhusu! Marekani shirika ambalo halijakubaliana kiwango chake na serikali linaweza kudai mpaka asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja, zile zinazohesabika, ilikuwa 10 ikapandishwa Oktoba 2024. Ulaya kuna njia ya asilimia 15 ya gharama za wafanyakazi wa mradi, na nyingine ya asilimia 40 ya hizo hizo gharama za wafanyakazi inayofunika kila kitu kilichobaki, bila wewe kuonyesha risiti moja moja. Kwa shirika la watu wanne hiyo ya 40 ni ukombozi kama mwito wenu, yaani tangazo la ruzuku mnayoomba, una kitu cha namna hiyo. Someni mwongozo wa mwito mpaka ukurasa wa mwisho, kawaida haya yamefichwa huko nyuma.

mwenza_wa_mradi:
Nakubaliana na wote ila mimi ningemwambia mratibu asiombe peke yake mara ya kwanza. Tafuteni shirika kubwa, chuo au halmashauri inayoomba, ninyi muingie kama mshirika. Wao wana mhasibu na akiba, ninyi mna watu ambao wao hawawafikii kabisa, na hilo ndilo la kuuza. Mkimaliza mradi mmoja hivyo mna rekodi ya kusimamia fedha za umma, mlango wa pili unafunguka.

Lakini msiingie kwa kuaminiana tu. Uingereza walipoanzisha Work Programme, mpango wa kuwasaidia wasio na kazi wapate kazi, mwaka 2011 kulikuwa na mikataba 40 chini ya wakandarasi wakuu 18, malipo sehemu kubwa kwa matokeo, mashirika mengi ya hisani yakaingia chini yao na mengine yakajitoa, watu wa kusaidiwa ambao mashirika hayo yalitegemea kuletewa hawakuletwa. Kwa hiyo kwenye makubaliano iandikwe mtaletewa watu wangapi, mtalipwa lini baada ya shirika kiongozi lililoomba ruzuku kulipwa, na dai likikataliwa hasara inamwangukia nani. Sisi tulisaini ukurasa mmoja na nusu kwa sababu tulikuwa tunafahamiana na kiongozi. Wakaguzi walipokataa sehemu ya dai lake, sisi ndio tuliokatwa. Tulipunguza mwalimu mmoja, mwalimu mzuri kweli, mpaka leo sijasahau siku nimemwambia.

Na angalieni kama tangazo ni ruzuku au ni tenda ya huduma. Tenda unapewa bei na malengo, usipoyafikia hulipwi, hata kama vijana wako wamebadilika maisha.

mratibu_mdogo:
Asanteni sana jamani, nimesoma mara tatu na bodi nimeshawatumia. Mawili bado. Mwito tunaoutazama unataka tuchangie asilimia 20 na sisi fedha hatuna, je masaa ya watu wa kujitolea yanahesabika? Na kuna akina mama hawataki kutoa kopi ya kitambulisho, wanaogopa, tufanyeje?

hesabu_safi:
Masaa yanahesabika sehemu nyingi, Ulaya na Marekani zote zinakubali kazi ya kujitolea kama mchango ila uweze kuthibitisha muda na uthamini kwa kiwango cha kawaida cha kazi hiyo. Maana yake daftari: jina, tarehe, saa ya kuingia na kutoka, alifanya nini, sahihi yake na ya msimamizi, SIKU HIYO HIYO. Daftari lililojazwa jioni moja kwa mwezi mzima linajulikana, wino mmoja mwandiko mmoja. Ila thibitisheni kwenye mwito wenu, mingine inataka mchango uwe fedha taslimu. Na tunzeni, Marekani ni miaka mitatu tangu ripoti ya mwisho ya fedha, Ulaya mitano.

mama_viashiria:
Ya kitambulisho, msiwalazimishe na msiwafukuze. Mpigie ofisa wa ruzuku kabla hujaandika hata sentensi moja ya andiko, muulize kama wanapokea kuona kitambulisho na kujaza fomu ya uthibitisho bila kopi, au barua kutoka ofisi nyingine inayomfahamu mama huyo. Jibu liombe kwa imeili. Halafu kaa na hao akina mama uwaambie wazi karatasi inaenda wapi, nani ataiona na kwa nini. Kwetu wengi walikuwa wanaogopa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza, mmoja alirudi kesho yake nacho kitambulisho kwenye leso.

mratibu_mdogo:
Nampigia kesho asubuhi. Nikipata jibu narudi hapa kuwaeleza.