Naomba ushauri: niache kuchapa katalogi ya spea niweke kwenye CD?

MuuzaSpea
Wakuu, heshima kwenu wote. Nina duka la jumla la spea za Toyota huku Gerezani, Dar. Wateja wangu wakubwa wako mikoani: Kahama, Songea, Tunduma, Masasi. Hawaji dukani, wanaagiza kwa simu na mzigo unapanda basi. Kwa hiyo kila mwaka nachapa katalogi ya kurasa 96, ina picha, namba za spea na bei. Nachapa nakala 600, nawagawia bure.

Mwaka huu imeniumiza. Ilitoka mwezi wa tatu, kufika mwezi wa tano shokapu na bushi zimeshapanda bei. Mteja wangu wa Songea, mtu wa miaka mingi, akanipigia: "Kitabu chako kimeandika elfu 38, leo unanitajia 46?" Nilimweleza mpaka nikachoka, lakini kwa sauti yake nilijua anaona namdhulumu. Hilo limeniuma kuliko hela.

La pili ni baya zaidi. Kwenye ukurasa wa pedi za breki ilikosewa tarakimu moja. Wanaojua namba za Toyota wanajua kwamba 04465 ni pedi za mbele, 04466 ni za nyuma. Kitabuni za mbele zikaandikwa 04466. Kijana wa stoo akafuata namba kama ilivyoagizwa, zikaenda Kahama seti 20 za nyuma kwa mtu aliyetaka za mbele. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu yangu, na magari ya watu yakakaa juu ya jeki siku nne. Nakala 600 zikishasambaa huwezi kuzifuata moja moja na kalamu.

Sasa kijana mmoja wa stesheneri ananiambia niachane na karatasi. Atanitengenezea CD 500, ukiiweka kwenye kompyuta inajifungua yenyewe na ina sehemu ya kutafuta. Bei yake haifiki nusu ya ninayolipa kuchapa. Nimevutiwa, ila kabla sijatoa hela naomba ushauri wenu. Nawasilisha.

KompyutaKazini
Mkuu, usitoe hela bado. Wateja wako wangapi wana kompyuta yenye sehemu ya kuingiza CD? Laptop nyingi zinazouzwa siku hizi hazina. Na hiyo inayojifungua yenyewe ni programu ya Windows, hata mtu akiihamishia kwenye simu haifunguki.

Halafu angalia maumivu yako mwenyewe. CD ikishachomwa imechomwa. Bei ya mwezi wa tatu inabaki humo, na 04466 yako inabaki humo. Utakuwa umehama karatasi ukaenda plastiki, ugonjwa ni uleule. Tengeneza PDF. Inafunguka kwenye simu, na ukigundua kosa asubuhi, jioni umeshatuma iliyorekebishwa. Sharti moja tu: maandishi yawe maandishi kweli. Ukiskani kitabu, kila ukurasa unakuwa picha, mtu akitafuta namba hapati kitu.

FundiKahama
Kaka, mimi siye yule wa pedi, ila nina gereji Kahama na nimeyapitia hayo. Naomba usikiue kitabu haraka. Katalogi ya duka ninalonunua imening'inia kwa kamba kwenye msumari pembeni ya kaunta. Ukurasa wa filta umekuwa mweusi kwa grisi mpaka namba za juu hazisomeki, maana ndio tunaoufungua kila siku. Mikono ikiwa na oili simu siigusi, kitabu nageuza kwa kiwiko. Na mtandao ukikatika, kitabu hakikatiki.

Ukituma faili, lisiwe zito. Mtu aliwahi kunitumia la MB 80, likala bando na simu ikajaa, nikalifuta siku hiyohiyo.

MtuWaStoo
Nimekaa stoo ya spea miaka mingi, naomba niongeze. Kwenye diski kuna historia kubwa katika kazi yetu. Kabla ya kompyuta tulisoma katalogi za kiwanda kwenye filamu ndogo, unaiweka kwenye mashine ya kukuza maandishi. Baadaye Toyota wakaleta katalogi yao ya kielektroniki, ile tunayoiita EPC, kwenye diski. Ilitusaidia sana: unaingiza namba ya chasisi, unapata mchoro wa gari lenyewe hasa. Lakini ilifaa kwa sababu kompyuta ilikuwepo pale kaunta na diski mpya zilikuja mara kwa mara. Nilikuwa na droo nzima ya diski za zamani, na siku moja kijana mgeni alichukua ya zamani akaagizia humo. Hapo ndipo nilipojifunza kuharibu ya zamani mpya inapoingia.

Kwa hiyo, ndugu yangu, faili lako liandike tarehe kwenye kila ukurasa, si kwenye jalada tu. Na lipange kwa chasisi. Corolla ya NZE121 ina injini ya 1NZ, ya ZZE122 ina 1ZZ. Kwa nje mtu anaona gari moja, anaagiza "filta ya hewa ya Corolla", halafu haiingii. Picha nzuri haitamwokoa, ila msimbo wa chasisi ukiwa mkubwa juu ya ukurasa utamwokoa.

Bei zitoe kabisa. Spea na namba zake zinakaa miaka, bei haikai. Ziweke kwenye karatasi ya peke yake, uandike ni za kuanzia lini na kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo.

DadaMchapaji
Mimi nafanya kazi ya kupanga vitabu. Kaka, mwombe mchapaji wako faili asili la kupangia, si lile lililokwenda mashineni. Umelilipia, ni haki yako kuliomba. Picha za kuchapa huwa na nukta 300 kwa inchi, za simu zikiwa 150 zinatosha, na hapo ndipo uzito unaposhuka. Kisha likate kwa magari: Corolla peke yake, Noah peke yake, Hiace peke yake. Mwenye gereji ya Hiace hana haja ya kubeba kurasa 96.

KompyutaKazini
Na WhatsApp Business ina katalogi yake ya ndani, lakini mwisho ni bidhaa 500. Weka humo zinazotoka sana tu. Karatasi ya bei tuma kwa orodha ya matangazo, inachukua watu 256 kwa orodha moja. Ila anayepokea ni yule aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kwanza wapigie wateja waihifadhi.

MuuzaSpea
Nawashukuru sana, mmenifungua macho. CD nimeiacha. Mchapaji amenipa faili. Kitabu nitachapa chembamba, kurasa 24 za vitu vinavyotoka kila siku, bila bei, nikitoboe kwenye kona tundu la kuning'inizia. Mzee wangu wa Songea nimempigia mwenyewe, nikamwambia karatasi ya kwanza ya bei inakuja kwake kabla ya mtu yeyote.

Nimeanza na Corolla, MB 4. FundiKahama, kaka, nimekutumia pembeni. Nijaribie kwenye simu yako.

FundiKahama
Imefika kaka, na imefunguka bila shida. Chasisi inaonekana vizuri hata nikiwa nimesimama mbali na kaunta. Pedi za mbele nimeziona, 04465, sawasawa.

Shida moja. Nimetafuta namba nzima ya pedi kwa kuandika tarakimu zote kumi mfululizo, haikuja. Nimeweka kistari baada ya tarakimu ya tano, ikaja hapohapo. Mafundi wengi hatuandiki kistari, na kwenye maboksi mengine hakipo. Chini ya kila namba iandike tena bila kistari, kwa herufi ndogo, kabla hujaanza Noah.