Tupeane uzoefu: kosa gani huua timu ya besiboli ya fantasi mapema (na ligi ya filamu pia)?

MPIGA HESABU (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Machi inakaribia, watu wameanza kupanga timu, halafu Mei ligi za filamu za kiangazi nazo zinafuata. (Kwa wageni: fantasi ni kujifanya mmiliki, unachagua wachezaji halisi na takwimu zao za uwanjani ndizo zinazokupa ushindi; kwenye ligi ya filamu unachagua filamu, mapato yake ndiyo pointi zako.) Makosa ni yaleyale kila mwaka. Kosa gani huimaliza timu kabla Juni haijafika?

Naweka msimamo wangu ili mnipige mawe vizuri: watu wanatazama besiboli kwa macho ya filamu, na filamu kwa macho ya besiboli. Filamu kubwa ya mashujaa inavuna siku 3 za kwanza. Avengers: Endgame mwaka 2019 ilifungua na dola milioni 357 Marekani na Kanada, ikamaliza na 858. Yaani zaidi ya 40 katika kila 100 ziliingia wikendi moja. Besiboli ni mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Wiki 2 za kwanza ni mechi kama 12, hazifiki hata 8 kwa 100. Anayemtupa mpigaji mzuri katikati ya Aprili kwa sababu wastani wake ni .180 ametangaza filamu imefeli wakati watu bado wananunua bisi mlangoni.

KIBAO CHA KUSHOTO
Nakazia. Hiyo .180 ni kama vibao 8 katika zamu 45. Viwili zaidi vikidondoka kwenye nyasi anakuwa .222, vinne .267. Mnatupa mtu kwa ajili ya vibao vinne.

KIPA WA AKIBA
Mimi ni mtu wa FPL (fantasi ya soka ya Ligi Kuu ya Uingereza), nimechungulia tu. Akikuudhi si unambadilisha, unakatwa pointi 4, maisha yanaendelea?

KIBAO CHA KUSHOTO
Mkuu, acha tabia za FPL mlangoni. Kule milioni ya watu wanaweza kuwa na Haaland wakati mmoja. Huku mchezaji ni wa timu moja tu ndani ya ligi. Ukimwacha anakaa kwenye dirisha la kusubiri siku 2 hivi, kisha jirani yako anambeba na hamrudishi. Hakuna kapteni wa kuongezewa pointi mara mbili, na hakuna kikomo cha wachezaji 3 wa klabu moja.

DADA WA MINNEAPOLIS
Kosa namba moja kwenye ligi za mnada ni kutojua kikomo cha zabuni yako. Ligi ya kawaida ina timu 12, kila moja dola 260 za kununulia wachezaji 23: wapigaji 14, warushaji 9. Kanuni ni hii: pesa uliyobaki nayo, toa nafasi zilizo wazi pungufu ya moja, maana kila nafasi inahitaji angalau dola 1. Una dola 47 na nafasi 9? 47 toa 8, kikomo chako ni 39. Watu hupiga kelele "40!" programu inakataa, na sekunde 10 zimekwisha.

Kosa la pili ni kuwatajia wenzako mchezaji unayemtaka. Mwanzo wa mnada taja wale usiowataka lakini wana jina kubwa, waache wamwage hela. Na mgawo: 180 wapigaji, 80 warushaji. Ukifika 110 kwa warushaji umeshaharibu.

KIJIKO CHA ERA
Dada namheshimu, ila huo mgawo ni wa vitabu vya zamani. 100 kwa warushaji inawezekana kabisa kama ni warushaji wawili imara na waliobaki ni wa dola 1. Ugonjwa hauko kwenye bei, uko kwa wale wa katikati. Naomba nieleze kwa kirefu, maana hapa ndipo timu nyingi zinapozikwa na mwenye timu hajui kaburi lilichimbwa lini.

ERA unaipata hivi: mikimbio (pointi za wapinzani) anayodaiwa mrushaji, zidisha kwa 9, gawanya kwa iningi alizorusha (iningi ni awamu, mechi ya kawaida ina 9). Timu yako ina iningi 100 na mikimbio 40, ERA ni 3.60, uko nafasi ya tatu, unatembea kifua mbele. Jumanne unaona mrushaji wa bure, asiye na mwenyewe kwenye ligi yenu, anacheza "na timu dhaifu". Unamwingiza. Anarusha iningi 2, anapigwa mikimbio 8. Sasa ni 48 katika 102: ERA 4.24. Ili kurudi 3.60 unahitaji iningi 18 nyingine bila mkimbio hata mmoja. Kumi na nane, bila hata mmoja! Na hapo sijagusa WHIP, ambayo ni vibao jumlisha anaowatembeza bure (wanaopewa besi kwa mirusho mibovu minne), gawanya kwa iningi. Katika zile iningi 2 aliruhusu vibao 7 na matembezi 3, yaani 10 kwa 2, WHIP ya 5.00 imeingia kwenye chungu chako.

Mkosaji hupoteza kategoria mbili (vipengele vya takwimu tunavyoshindania) ili apate vitu viwili: labda ushindi 1, labda watupwaji 4 (wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu). Kabla ya kumwokota mrushaji wa siku moja angalia matembezi yake kwa iningi 9 (yakizidi 4, mwache alipo), angalia uwanja, halafu angalia wapinzani wanavyowapiga warushaji wa mkono wake. Jina la timu pinzani liwe la mwisho.

MZEE WA DENVER
Uwanja! Asante kwa kugusa hapo. Coors Field, uwanja wa Rockies hapa Denver, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira uliopigwa unaruka mbali na mpira uliorushwa haupindi vizuri. Tangu 2002 wanahifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili ipunguze kuruka, lakini bado. Mpigaji wa Rockies mpange wakiwa nyumbani, mweke benchi wakisafiri. Mrushaji wa Rockies usimguse popote.

NDIZI KAANGA
Mzee, Nairobi iko juu kuliko Denver na mpira wetu haurukagi hivyo 😂

MZEE WA DENVER
Leteni uwanja wa besiboli hapo Kasarani uone.

SIMBA MTULIVU
Wote mmesahau 15 Machi 2023.

NDIZI KAANGA
Usianze.

SIMBA MTULIVU
Naanza. Miami, kombe la dunia la besiboli, Puerto Rico imeifunga Jamhuri ya Dominika 5–2. Edwin Díaz ndiye mfunga mechi, mrushaji wa kulinda ushindi mwishoni, amewatupa watatu mfululizo kwenye iningi ya 9. Wenzake wanakimbilia katikati, wanaruka wameshikana. Katika kuruka tu, bila kuguswa na mpinzani, kano ya goti la kulia inakatika. Anaondolewa kwa kiti cha magurudumu. Msimu mzima wa 2023 hakurusha mpira hata mmoja kwenye ligi.

Sasa tazameni kwa upande wa fantasi. Mwaka wa nyuma yake alikuwa na ERA ya 1.31, watupwaji 118 katika iningi 62, sevu 32 (mechi alizolinda ushindi hadi mwisho). Kwa hiyo wengi waliopanga timu wiki ya kwanza ya Machi walimchukua mapema kuliko wafunga mechi wengine. Msimu ulianza 30 Machi. Waliopanga tarehe 12 walikuwa na shimo, waliopanga tarehe 25 hawakupoteza chochote. Ligi nyingi hazirudishi nafasi wala hela. Uteuzi wenu ufanyeni wikendi ya mwisho kabla ya msimu.

KIBAO CHA KUSHOTO
Na aliyekuwa macho usiku ule alimwokota David Robertson, mrushaji mwenzake Díaz pale New York Mets, papo hapo. Robertson aliwahi kufunga mechi miaka mingi, klabu haikuhitaji kutangaza chochote. Alipata sevu mpaka alipouzwa Miami mwishoni mwa Julai. Jua nani anarusha iningi ya 8 kwenye kila timu, huyo ndiye akiba yako.

DADA WA MINNEAPOLIS
Ndiyo maana usinunue mfunga mechi ghali. Mkono mmoja, iningi 60, goti moja.

SIMBA MTULIVU
Dada, hapana. Ukikosa sevu kabisa umeanza kila wiki ukiwa nyuma 1–0. Chukua wafunga mechi wawili ndani ya raundi 8 za uteuzi.

DADA WA MINNEAPOLIS
Raundi ya 8? Raundi ya 15, wanne wa kubahatisha, wawili watasimama.

SIMBA MTULIVU
Na wale wawili wengine watakupikia ile ERA ya Kijiko.

KIPA WA AKIBA
Samahani, mfungaji si ndiye anayefunga magoli? Mbona huyu wenu anaingia mwishoni, analinda ushindi, anaitwa mfungaji?

NDIZI KAANGA
Anafunga duka, mkuu. Anafunga duka.

GOTI LA PILI
Mkitaja magoti mtajeni Acuña wa Atlanta Braves. 2023: homurani 41 (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja), besi 73 za kuiba, mtu wa kwanza kufika 40 na 70. Uteuzi wa 2024 alikuwa namba 1 karibu kila ligi. Tarehe 26 Mei, Pittsburgh, anageuka kurudi kwenye besi, goti la kushoto limekwisha. La kulia lilikwenda Julai 2021. Na ukiwa umempata Strider, mrushaji wa Braves haohao, raundi ya pili, watupwaji 281 mwaka wa nyuma, alirusha mechi 2 kiwiko kikagoma. Kwa hiyo usichukue wawili wa kwanza kutoka klabu moja.

KIJIKO CHA ERA
Hiyo ya mwisho si sababu, ni bahati mbaya tu. Klabu haiambukizi magoti. Sababu halisi ni historia ya mwili: mrushaji deGrom alirusha mechi 6 tu 2023 kabla ya upasuaji wa kiwiko, na kila mtu alikuwa anajua amekuwa akiumia. Upasuaji ule ni miezi 12 hadi 18, usimweke mtu kwenye orodha ya majeruhi ukitegemea Agosti.

GOTI LA PILI
Unaongea kama daktari. Waliokuwa na Acuña hawakuhitaji somo, walihitaji besi za kuiba.

MPIGA HESABU
Tulieni. Kuhusu besi za kuiba: kipimo kimebadilika tangu 2023. Besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akaruhusiwa kumtishia mkimbiaji aliye kwenye besi mara 2 tu, na saa ya kumbana mrushaji arushe kwa wakati ikaja. Besi zilizoibwa zikapanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Mtu wa besi 20 zamani alikuwa dhahabu, sasa ni wa kawaida. Wanaotumia bei za zamani wanalipa hela nyingi kwa miguu.

MAMA WA KUMBI NANE
Nyie mmeteka uzi, filamu hazijaguswa. Ngoja niseme za muhimu.

Ligi za filamu kwa kawaida zinakupa bajeti, tuseme pointi 1000, na kumbi 8 za kujaza kila wiki. Kosa ni kujaza jina kubwa. Gawanya mapato unayotegemea kwa bei. Filamu ya bei 600 inayotarajiwa milioni 120 inakupa 0.20 kwa pointi. Ya bei 150 inayotarajiwa milioni 35 inakupa 0.23. Hiyo ndogo ndiyo ijaze kumbi.

Halafu wiki ya pili. Kushuka kwa nusu ni kawaida kwa filamu kubwa. The Marvels, Novemba 2023, ilifungua na milioni 46, wikendi iliyofuata ikaingiza kama 10. Imeanguka 78 kwa 100. Kama hukuitoa Alhamisi, umekula hasara. Filamu ya mwendelezo huvuna sehemu kubwa zaidi mwanzoni kuliko ile ya kwanza: Black Panther ya 2018, ile ya kina Lupita, ilifungua 202 ikafika 700, karibu mara tatu na nusu. Ya pili, 2022, ilifungua 181 ikaishia 454, mara 2.5.

Na mkubaliane mapema: hesabu ya mapato inayotoka Jumapili ni makadirio, ya Jumatatu ndiyo halisi. Ligi zinavunjika kwa tofauti ya laki tano.

MPIGA HESABU
Umeona? Mwanzoni ndipo kuna hela. Msimamo wangu umesimama.

MAMA WA KUMBI NANE
Haujasimama. Titanic 1997 ilifungua milioni 28.6, ikafika 600 Marekani na Kanada peke yake. Avatar 2009 ilifungua 77, ikafika karibu 750. Zile zilikuwa mechi 162. Sherehe za Desemba hazifanani na Mei: shule zimefungwa, katikati ya wiki watu wanaingia kama Jumamosi. Filamu ya Desemba usiitoe haraka, ya Mei itoe bila huruma.

NDIZI KAANGA
Kwa hiyo Titanic haikuzama. Sawa.

MFUKO MTUPU
Za kuokota wachezaji je? Dola 100 za zabuni za siri kwa msimu mzima, mnatumiaje?

KIBAO CHA KUSHOTO
Aprili mwaga. Mfunga mechi mpya ukimpata Aprili anakufanyia kazi miezi 5. Weka 20 hadi 25. Hela ya Septemba hainunui kitu.

DADA WA MINNEAPOLIS
Bakiza 30 hadi Agosti. Dirisha la uhamisho likifungwa mwisho wa Julai au mwanzo wa Agosti, wafunga mechi wanahama na wa iningi ya 8 wanapanda wengi kwa siku moja. Mwenye dola 4 anatazama tu. Na usiandike namba ya mviringo: andika 21, si 20. Wengi huandika 20.

MFUKO MTUPU
Ndiyo maana nashindwa kwa dola 1 kila mara. Nitaandika 22.

MACHO MEKUNDU, DAR
Kwa tuliopo Afrika Mashariki: mechi ya saa 1 usiku New York ni saa 8 usiku kwetu. Ya Los Angeles ni saa 11 alfajiri. Jumatatu yao jioni ni Jumanne yetu kabla ya adhana, kwa hiyo ligi inayofunga kikosi Jumatatu panga Jumatatu kabla ya kulala, ukiwa umeweka majeruhi pembeni. Jumapili ndiyo rahisi, zinaanza saa 2 na nusu usiku. Na angalieni mechi za ng'ambo: 2024 msimu ulifunguliwa Seoul 20 Machi, siku 8 kabla ya wengine, na 2025 Tokyo 18 Machi. Mchezaji wa Dodgers, waliocheza huko miaka yote miwili, ukimwacha benchi siku zile umekosa mechi 2 na ligi haikusubiri.

KIPA WA AKIBA
Nimeelewa nusu. Mtu akitaka kujaribu, nafasi ipo kwenye ligi yoyote?

DADA WA MINNEAPOLIS
Ipo moja, mnada wikendi ya mwisho kabla ya msimu. Njoo na dola 260 za bandia.

KIPA WA AKIBA
Nitamnunua mfungaji kwanza.

DADA WA MINNEAPOLIS
Karibu sana, mdogo wangu. Simba, mpe wa kwako.