Wahadimu na Wapemba enzi za utumwa: walikuwa tabaka gani?

Swali: Wadau, Zanzibar ya karne ya 19 husimuliwa kwa watu wawili tu, Mwarabu mwenye shamba na mtumwa wake. Wahadimu (wenyeji wa Unguja) na Wapemba waliolima vyao tuwaweke wapi? Na walionyang'anywa ardhi, mbona hawakuungana na watumwa?

Jibu 1: Anza na udongo, mkuu. Mikarafuu ilitaka magharibi na kati ya Unguja, kwenye rutuba, na huko ndiko Wahadimu walikosukumwa watoke. Wakabaki na uwanda wa mashariki na kusini: mawe ya matumbawe, jembe halizami, unachokoa kwa muo (mti wa kuchimbia) na kupanda muhogo au mtama kwenye vishimo, ukichoka udongo unahamia kwingine. Lakini ardhi yao. Jina "Hadimu" asili yake ni mtumishi kwa Kiarabu (kejeli hiyo!), ila walikuwa waungwana, yaani watu huru. Kodi aliikusanya Mwinyi Mkuu, mtawala wao wa jadi, nyingine ikaishia kwa Sultani.

Jibu 2: Pemba usiichanganye humo. Kule Waarabu na wenyeji walichanganyika vijijini, na kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika soko. Mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe tofauti, kwa hiyo mdogo naye alipata miti yake. Wapo walionunua mtumwa mmoja wawili, wakalima naye bega kwa bega. Hapo ndipo jibu la kuungana: mtumwa naye alikuwa na kikonde chake, alichokilima Alhamisi na Ijumaa, jembe ni lile lile. Kilichowatenga ni ukoo. Muungwana hurithiwa na wanawe. Mtumwa, bwana wake ana haki juu ya alichoacha.

Jibu 3: Ongeza suala la mikono ya kazi. Karafuu huchumwa kabla haijachanua. Ukichelewa, bei imekwenda. Kisha kuchambua makonyo (vikonyo vyake) na kuanika kwenye majamvi siku kadhaa za jua, mvua ikizipata zinaharibika rangi. Miti 20 familia inaimudu. Miti 500, hapana.

Na sheria ya 1897 ya kufuta utumwa isichukuliwe kuwa wote waliachwa huru siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe, aonyeshe ana makazi na riziki; masuria walingoja hadi 1909. Wengi wakabaki shambani wakipanda muhogo chini ya mikarafuu, malipo yake palizi. Msimu ukifika, Mhadimu anatoka uwandani kuja kuchuma kwa malipo ya kila pishi (kipimo cha ujazo), mti ule ule na mtumwa wa jana.

Muuliza swali: Na bado mmoja anajiita muungwana?

Jibu 2: Hasa siku hiyo.