Je, "Hysteria" ya Def Leppard ilihitaji kusafishwa sauti upya?

Mpenda Santuri
Ndugu zangu, naomba tujadili jambo ambalo limenikosesha raha tangu Ijumaa. Nyumbani kwangu Mombasa ninazo nakala mbili za "Hysteria", albamu ya Def Leppard, bendi ya roki ya Uingereza. Moja ni santuri ya mwaka 1987 niliyoachiwa na kaka yangu mkubwa aliyekuwa baharia, na nyingine ni toleo la mwaka 2017 la kuadhimisha miaka 30 ya albamu hiyo, lililosafishwa sauti upya, ambalo dada yangu ameniletea kutoka Uingereza; nimewawekea pia tangazo la duka linaloliuza. Nimezisikiliza zote mbili usiku mmoja, kwa sindano ileile na spika zilezile.

Albamu hii ina dakika 62, na mwaka 1987 dakika zote hizo zilibanwa katika santuri moja, zaidi ya nusu saa kila upande, ilhali upande wa santuri hupumua vizuri ukiwa na dakika ishirini na kitu. Upande ukirefuka, mifereji hulazimika kukatwa myembamba na kukaribiana, na anayelipa gharama ni besi. Kwa nakala ya marehemu kaka yangu nilikuwa nazungusha kitufe cha sauti hadi zaidi ya nusu ndipo nisikie kishindo, na pamoja na kishindo hicho huja mchakacho wa vumbi. Toleo jipya limegawanywa katika santuri mbili. Nilipoiweka sindano bila kukirudisha kitufe, mke wangu alitoka jikoni akiuliza nini kimeanguka.

Swali langu ni hili: je, kile nilichokipenda miaka yote hii kilikuwa ni albamu yenyewe, au kilikuwa ni ufinyu wa plastiki? Na je, ilikuwa haki kukigusa?

Mzee wa Kanda
Mpenda Santuri, nakushukuru kwa kuuliza kwa adabu, kwa maana vijana wengi siku hizi huamini kwamba kila cha zamani ni kibovu. Mimi niliipata albamu hii kwa kanda ya kurekodiwa, Nairobi, mwaka 1988, na sikuwahi kuona kasoro yoyote. Watu walionunua zaidi ya nakala milioni 12 nchini Marekani peke yake hawakununua kitu kilichohitaji kusafishwa.

Nina ombi moja pia. Tangazo la duka ulilotuwekea linaiita "albamu bora ya glam metal". Hawa ni vijana wa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, walioanza na wimbi la roki nzito ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya sabini, na wenyewe hawajawahi kulipenda jina hilo la watu wa rangi za midomo na nywele za kupulizia dawa. Tuwaheshimu.

Fundi Mitambo
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, nywele walikuwa nazo, na kwaya zile za kuimbwa na uwanja mzima walikuwa nazo, kwa hiyo tusigombanie jina.

Kuhusu swali lenyewe, mimi naunga mkono toleo jipya bila kusita. Kusafisha upya si kuchanganya upya. Mchanganyiko, yaani jinsi sauti za vyombo vyote zilivyounganishwa, unabaki uleule alioukamilisha fundi wa sauti Mike Shipley. Kinachoguswa ni hatua ya mwisho tu, pale sauti za chini, za kati na za juu zinaposawazishwa kabla ya nakala kutolewa. Hatari pekee ni ule ushindani wa kelele uliozikumba kampuni za muziki kuanzia miaka ya tisini, ambapo sehemu za upole zilinyanyuliwa hadi zikalingana na sehemu za kishindo, na msikilizaji akachoka asijue kwa nini. Lakini katika albamu hii sioni kitu cha kupotea, kwa sababu ngoma zenyewe ni za mashine tangu mwanzo. Mpigaji alikuwa na mkono mmoja, kompyuta ikamfanyia kazi, kwa hiyo hakuna mguso wa binadamu ambao usafi huo ungeweza kuufuta.

Msikilizaji wa Kisauni
Naomba niulize jambo ambalo naona halijaguswa. Steve Clark, mmoja wa wapiga magitaa wawili wa albamu hii, alifariki London tarehe 8 Januari 1991, akiwa na umri wa miaka 30. Magitaa ya "Hysteria" yamejengwa kwa tabaka juu ya tabaka, na katika tabaka hizo kuna maamuzi yake: hapa apande, hapa ajifiche nyuma ya Phil Collen. Anayesawazisha sauti leo anaweza kulileta mbele gitaa ambalo Clark alikusudia likae nyuma, hata kama hajaugusa mchanganyiko. Yeye hawezi kuulizwa. Je, idhini ya waliobaki inatosha kwa niaba yake? Na je, kampuni isilazimishwe kuliacha toleo la 1987 lipatikane sambamba na jipya, ili msikilizaji achague mwenyewe?

Binti wa Korogwe
Fundi Mitambo, nimesoma maneno yako mara tatu nikitumaini kwamba nimekuelewa vibaya. "Mpigaji alikuwa na mkono mmoja, kompyuta ikamfanyia kazi." Nani amekwambia?

Baba yangu alipoteza mkono wa kulia katika mashine ya kuparura mkonge, katika shamba ambalo sitalitaja. Nilikuwa na miaka saba. Nilimwona akijifunza kufunga kamba za viatu: anakaa kwenye ngazi ya mlango, anainua goti hadi kidevuni, ncha moja ya kamba anaibana kwa meno, na ya pili anaizungusha kwa kidole gumba. Ilimchukua majuma mengi. Watu wakipita walikuwa wakisema, "Mwache mtoto akufungie, mzee," naye hakuwajibu. Alipoweza, walewale walisema viatu siku hizi vimekuwa rahisi.

Rick Allen, mpiga ngoma wa bendi hii, alikatika mkono wa kushoto akiwa na miaka 21. Aliwahamishia miguu yake kazi ya mkono ule. Hilo ndilo unaloliita kufanyiwa kazi na kompyuta?

Fundi Mitambo
Dada yangu, pole kwa yaliyompata mzee, na sikukusudia kumdharau mtu yeyote. Lakini usinisingizie. Nimesema jambo la ufundi. Sauti za ngoma katika albamu ile ni sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, zilizopitishwa kwenye kompyuta iliyoitwa Fairlight. Hilo si siri, na wala si tusi. Baada ya ajali ile ya gari ya mwaka 1985 hapakuwa na njia nyingine. Tukianza kukataa ukweli wa ufundi kwa sababu unatuuma moyoni, basi mjadala huu hauna maana, na mimi sina haja ya kufundishwa utu na mtu asiyenijua.

Mwalimu wa Muziki
Naomba tutulie, kwa sababu nyote wawili mna sehemu ya ukweli na mnarushiana sehemu iliyobaki.

Kwanza, ajali haikutokea mwaka 1985. Ilitokea tarehe 31 Desemba 1984, karibu na Sheffield. Madaktari waliuunganisha mkono, kisha wakalazimika kuuondoa kwa sababu ya maambukizi.

Pili, na hapa Fundi ndipo ulipoteleza, ngoma za sampuli hazikuletwa na ajali. Mtayarishaji Robert John "Mutt" Lange alikwishazitumia katika "Pyromania", albamu ya mwaka 1983, wakati Rick Allen ana mikono yote miwili. Lange alitaka ngoma yenye uzito uleule katika kila pigo, na alitaka aweze kuibadilisha sauti yake hadi siku ya mwisho, kwa kuwa nia yake ilikuwa kutengeneza albamu ya roki ambayo kila wimbo ungeweza kusimama peke yake redioni, kama alivyofanya Michael Jackson na "Thriller". Kwa hiyo ukisema kompyuta iliingia kwa sababu ya ulemavu, umeugeuza mpangilio wa mambo. Kompyuta ilikuwa ni ladha ya mtayarishaji.

Tatu, kuna kipimo kisicho na kompyuta ya studio, nacho ni jukwaa. Mwaka 1986 bendi ilifanya maonyesho madogo ya majaribio nchini Ireland, ikiwa imemwalika Jeff Rich wa bendi ya Status Quo apige ngoma kando ya Allen, iwapo mambo yangemshinda. Siku moja Rich alichelewa kufika. Allen alianza peke yake, akaendelea, na tangu hapo mpigaji wa pili hakuhitajika tena. Agosti mwaka huohuo alipiga katika tamasha la Castle Donington, Uingereza, mbele ya umati mkubwa. Vibao vya Simmons, yaani ngoma alizopigia, ni vya umeme, ndiyo, lakini kibao cha umeme kisipopigwa hakilii.

Mzee wa Kanda
Mwalimu, umesema vema, na kwa kuwa umemtaja Lange, nawakumbusha vijana kwamba alizaliwa Mufulira, mji wa migodi ya shaba, nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1948. Mtu akiniambia kwamba mjadala huu hautuhusu sisi, humjibu kwa jina la mji huo.

Binti wa Korogwe, Mungu amrehemu baba yako kama ametangulia, na amjalie afya kama yupo. Mimi nilikuwa nikiisikiliza kanda ile nikirudi kazini usiku, na kwa miaka minne au mitano sikujua kwamba mpiga ngoma ana mkono mmoja. Niliposoma gazetini, niliirudisha kanda mwanzo nikaisikiliza nikitafuta mahali ambapo mkono unakosekana. Sikupaona.

Binti wa Korogwe
Yupo, Mzee wangu, nashukuru, na viatu bado anafunga mwenyewe.

Sasa nijibu na mimi kuhusu toleo jipya, maana nimeambiwa sijui ufundi. Nililisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni. Katika nakala ya zamani nilizoea kulisikia pigo kubwa la pili, lile ambalo wapigaji wengine hulipiga kwa mkono wa kushoto, kama ukuta mmoja ulioshikamana na magitaa. Katika jipya limetengana nayo kidogo. Mtu mwingine angeliita jambo dogo. Mimi nilisikia mguu. Nilisikia mtu anayekanyaga, kwa wakati, kila mara. Kama huo ndio usafi, basi mimi nauunga mkono kuliko hata Fundi mwenyewe anavyouunga, na kwa sababu iliyo kinyume kabisa na yake.

Fundi Mitambo
Mwalimu, kuhusu tarehe na kuhusu "Pyromania" nakubali. Nilikosea, na sentensi yangu ya mwisho siku ile naiondoa. Dada, naomba radhi kwa sentensi hiyo, ingawa neno "sampuli" siliondoi, kwa sababu ni kweli.

Lakini tusijidanganye kwamba kampuni ilitoa toleo hili kwa ajili ya mguu wa Rick Allen. Sanduku kubwa lina CD 5 na DVD 2. Tusisahau pia kwamba bendi hii iligombana na kampuni yake kuhusu malipo ya muziki wa mtandaoni hadi mwaka 2012 ikaanza kurekodi upya nyimbo zake yenyewe, ikiziiga za zamani nukta kwa nukta, ili isiipe kampuni kitu. Albamu zao za zamani zilifika kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni mwezi Januari 2018, miezi michache tu baada ya toleo hili. Mimi naona hilo ndilo swali halisi: je, tunauziwa sauti, au tunauziwa mwisho wa ugomvi wa pesa?

Mpenda Santuri
Ndugu zangu, nilipoanzisha mjadala huu sikutarajia ungefika hapa, na nimejifunza mengi. Fundi, pesa zipo katika kila santuri. Kaka yangu naye aliilipia ile ya kwanza, tena kwa mshahara wa meli.

Nimerudia majaribio jana usiku baada ya kugundua kosa langu. Siku ya kwanza sikusawazisha ukubwa wa sauti, na sikio la binadamu huona kilicho kikubwa ndicho kizuri. Safari hii nilikipunguza kitufe kwa ile mpya hadi zote mbili zikalingana kadiri nilivyoweza, nikamwomba mwanangu abadilishe santuri bila kuniambia ipi ni ipi. Mara sita. Mara tano nilizitambua, na kilichonitambulisha kila mara kilikuwa ni besi na nyimbo za mwisho wa upande, kule karibu na kitovu ambako santuri ya zamani huanza kukwaruza sauti za "s". Nilipoulizwa ipi naipenda, nilichagua mpya mara nne. Zile mbili nilizochagua ya zamani zote ulikuwa wimbo uleule, ambao kaka alikuwa akiupiga kila aliporudi kutoka safarini, na siwezi kuapa kwamba ni masikio yaliyochagua.

Msikilizaji wa Kisauni
Narudia swali langu, kwa kuwa mmezungumza siku nne na hakuna aliyelijibu. Mpiga ngoma tumemtetea, na ni vema, lakini yeye yu hai na anaweza kujisemea. Steve Clark hawezi. Mpenda Santuri, katika majaribio yako hayo ya kuficha jina, ulilisikiliza gitaa lake?